Mtambo Usiopenda Kimya

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta yake, fundi wa mtandao alikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa popote katika mkataba wake, nayo ilikuwa kusafisha hedifoni ya mkuu wa kituo. Sifongo za masikioni zilikuwa zimekunywa jasho la miaka mingi mpaka zikapata mng'ao wa ngozi. Kwenye maiki, pale maneno yalipopitia, palikuwa na utando mkavu wa mate, na juu ya utando huo vilinata vipande vya chochote ambacho mkuu alikuwa akitafuna jana yake huku anaongea. Siku hiyo kilikuwa kiini cha yai. Fundi alikishika kile kifaa kwa ncha za vidole viwili, akakipaka spiriti, akageuza uso pembeni kama mtu anayembadilisha nepi mtoto asiye wake.

"Kinyaa kitakumaliza wewe, binti yangu," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, anavua koti mlangoni. Fundi alikuwa ametoka nyumbani mapema, kabla shangazi hajaamka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Si umwachie mwenyewe aoshe?"

"Aliosha mara moja. Aliitumbukiza kwenye sinki, kisha akaja kuniuliza mbona inatoa mapovu."

Shangazi alicheka kwa pua, akaenda kukaa mahali pake.

Mkuu huyo wafanyakazi walimwita Kipaza, lakini nyuma ya mgongo wake. Hakuwa mtu wa kugombeza wala wa kutukana. Alikuwa tu hajui kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akipanda ngazi, aliongea akiwa msalani na mlango umefungwa, na mtu aliyesimama karibu naye alirudi nyumbani na matone usoni. Watu walijifunza kumsikiliza wakiwa wamekaa pembeni kidogo, kama wanaojikinga na mvua ya upepo.

Cha ajabu ni kwamba kituo alichokiongoza kilikuwa cha kusikiliza. Kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, chumba kirefu ambacho kuta zake zilibandikwa mazulia ili kuzuia mwangwi. Mtu aliyeelemewa na jambo alipiga simu bila kulipa, na msikilizaji akapokea. Wasikilizaji walikuwa na utaratibu wao, mkongwe kuliko mkuu yeyote aliyepita pale. Msikilizaji alisema, "Karibu, nipo," kisha hakufungua mdomo tena mpaka mpigaji aseme. Hata mpigaji akinyamaza kwa muda mrefu kiasi gani, hakuulizwa wala hakuhimizwa. Kazi hiyo waliiita kukaa. Mmoja akirudi kutoka kunywa chai alimwambia mwenzake, "Leo nimekaa na mtu, mpaka mguu umekufa ganzi." Wakiwa wamekaa, mikono yao ilifuma sufu, na kilichosikika chumbani ni feni na sindano zikigusana.

Shangazi alikuwa hodari wa kukaa kuliko wote. Miongoni mwa wapigaji wake alikuwepo mwanamke mmoja ambaye wasikilizaji walimpa jina la Pumzi, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee walichokipata kutoka kwake. Alipiga mchana. Kwa muda mrefu hakusema lolote, kisha siku moja akauliza kwa sauti ya chini, "Bado mpo?" Shangazi akajibu, "Tupo." Yakawa ndiyo mazungumzo yao. Baadaye sana, Pumzi alisema maneno mengi kwa mpigo mmoja: kwamba mwanamume wake huwa chumba cha pili, kwamba akisikia sauti ya mtu mwingine humo ndani safari hii hataishia kumvunja mkono tu, na kwamba siku atakapokuwa tayari kutoka atapiga simu, atataja mahali alipo, nao waje. Kituo kilikuwa na gari na dereva kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu, laini isikatike kabla hajataja.

Na laini ndiyo iliyokuwa kazi ya fundi. Simu za kituo zilipita kwenye mtandao uleule mmoja uliobeba barua pepe, picha za kamera za ulinzi na filamu za mafunzo. Sauti ya mtu hukatwa vipande vidogo, vikasafirishwa kimoja baada ya kingine, na vikikwama nyuma ya mizigo mikubwa, msikilizaji hupokea maneno yaliyotafunwa. Zamani fundi aliongoza msafara huo kwa mkono. Alikaa mbele ya skrini, akiona filamu inaziba njia anaizuia, simu zinapita. Akienda msalani, mtu alilia katika sikio la msikilizaji kwa silabi nusunusu. Kwa hiyo kituo kilipopata kukodi mtambo wa kuifanya kazi hiyo wenyewe, fundi ndiye aliyeupigia debe kuliko wote.

Wasikilizaji waliubatiza Trafiki, kwa sababu ulisimama njiani ukiamua nani apite na nani angoje. Trafiki hakuambiwa ipi ni simu na ipi ni filamu. Alijifunza mwenyewe kwa kutazama. Vipande vidogo, vinavyofuatana kwa mwendo mmoja bila kukoma, hivyo ni sauti, vipishwe. Mengine yote yangoje. Majuma ya kwanza yalikuwa raha tupu. Sauti ziliingia safi, fundi alikunywa chai yake ikiwa moto, na Kipaza alitembea kutoka meza hadi meza akieleza mambo ambayo kila mtu alikwisha kuyaona.

Kisha simu za kimya zikaanza kufa.

Shangazi alimweleza jioni moja jikoni kwao, akiwa anasugua sufuria.

"Huyo Trafiki wako hana adabu."

"Amefanya nini?"

"Nimekaa na Pumzi leo. Tumekaa vizuri, hana wasiwasi, namsikia kabisa anavyovuta hewa. Mara kukawa kama mtu anakwaruza bati. Halafu tuu, tuu, tuu."

"Labda alikata mwenyewe."

"Alipiga tena, mwanangu. Anatetemeka. Ananiuliza mbona nimemkatia." Shangazi aliizungusha sufuria chini ya bomba. "Mimi. Nimkatie mimi."

Kesho yake fundi alikaa na Trafiki siku nzima, na kabla jua halijazama alikuwa amelijua tatizo. Mtu asipoongea, simu hizi hutuma vipande vichache tu vya hapa na pale, ili kupunguza mzigo. Trafiki akiona mwendo umekatika, aliamua kwamba ile haikuwa sauti tena. Aliiondoa simu mbele, akaitupa nyuma kabisa pamoja na filamu na mizigo mingine, na ikiendelea kunyamaza, aliinyang'anya nafasi yake kabisa. Mpigaji aliyelia kwa sauti alipishwa. Mpigaji aliyelia bila sauti alitupwa nje.

Na juu kabisa ya skrini, akiwa na alama ya kijani isiyotikisika, alikaa Kipaza. Alikuwa akimweleza shemeji yake habari za kochi jipya. Alieleza kitambaa, akaeleza miguu ya kochi, akaeleza jinsi lilivyopitishwa dirishani baada ya kukataa kuingia mlangoni. Hakuvuta hewa. Trafiki alimpenda Kipaza kuliko kiumbe chochote katika jengo lile. Alimsafishia njia kama msafara wa harusi.

Fundi aliitazama ile kijani. Mtambo ambao yeye mwenyewe aliusifu mbele za watu ulikuwa umejifunza kwamba mtu ni yule anayepiga kelele.

Alikwenda ofisini kwa mkuu. Kipaza alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya kibodi.

"Kaa, kaa, mama, karibu. Nilikuwa natazama grafu sasa hivi, sijawahi kuona grafu nzuri kama hii, simu fupi, laini zinazunguka, wafadhili watafurahi hadi—"

"Mkuu, Trafiki anakata wanaonyamaza."

"Anakata hewa." Aliliuma yai. "Wewe ni mtu wa sayansi, unajua. Kimya ni hewa. Nani atafadhili hewa?"

"Kuna wapigaji ambao hawawezi kuongea. Ngoja niwaandikie barua wenye mtambo, waufungue waubadilishe. Mimi naweza kuulisha tu, tumboni mwake siingii."

"Barua itachukua msimu mzima, na wageni wanakuja. Nimeshapata dawa." Alifungua kompyuta kwa kidole chenye chumvi. "Trafiki anataka sauti? Tumpe sauti. Simu ikinyamaza kidogo, hii inajipiga yenyewe, inaendelea kujipiga mpaka mtu aongee. Nimeiita Sauti ya Faraja. Sikiliza."

Ilikuwa sauti yake. Alikuwa amejirekodi mwenyewe, mdomo umebanwa kwenye maiki, kiasi kwamba kila neno lilikuja na ulimi wake. Mtu alisikia midomo ikiachana, mate yakivutwa, kisha maneno: "Mpendwa, tunakusikiliza. Usinyamaze. Kila neno lako ni la thamani kwetu. Endelea kuongea."

Fundi alihisi kana kwamba amepumuliwa ndani ya sikio.

"Mkuu, samahani. Kuna wanaojificha. Sauti ya mwanamume ikitoka kwenye simu ya mwanamke aliyejificha, unajua nini kitatokea?"

"Sauti yangu ni ya upole. Mama mkwe wangu mwenyewe amesema."

"Sibishani na mama mkwe."

"Basi iweke leo," Kipaza alisema kwa ukarimu, na kipande cha kiini kikaruka kutoka mdomoni kikatua kwenye shati la fundi. Wote wawili walikiona. Kipaza aliendelea na habari za wageni.

Fundi aliiweka. Ni vyema kulisema hilo waziwazi, kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye hakulizunguka. Alikuwa na mdomo wa kukataa na hakuukataza mkono wake. Aliiweka Sauti ya Faraja kwenye laini zote, akaijaribu, akaona alama zote za skrini zinageuka kijani. Trafiki alifurahi. Grafu ikanyooka kama uzi.

Pumzi alipiga kesho yake mchana. Fundi alikuwa chumbani humo akibadilisha waya chini ya meza, kwa hiyo aliona. Shangazi alisema, "Karibu, nipo," akachukua sufu yake, akakaa. Mara uso wake ukabadilika. Aliinua mkono juu ya hedifoni kama anayetaka kumziba mtu mdomo, akasema kwa haraka, "Si sisi, mama, usiogope, si—" Akasikiliza kitu. Halafu hakukuwa na cha kusikiliza.

Shangazi alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, akaenda bafuni. Fundi alimfuata. Alimkuta ameinama kwenye sinki, anayaosha masikio yake kwa sabuni, la kulia, la kushoto, tena la kulia.

"Shangazi."

"Wewe ndiye uliyeiweka ile?"

"Niliagizwa."

"Sikuuliza nani kaagiza."

Maji yaliendelea kutiririka. Fundi alitazama povu likizunguka kwenye tundu la sinki, pamoja na unywele wa mtu na uji wa sabuni ya siku nyingi, na akajiona yumo.

Siku zikapita bila Pumzi. Shangazi alikwenda kazini, akarudi, akapika, akapakua. Chakula cha fundi kilikuwa mezani kila jioni, kimefunikwa sahani. Neno halikuwepo. Fundi aliyelelewa na mwanamke huyo alijua namna zake zote za kunyamaza, ile ya kuchoka, ile ya kuomba, ile ya kungojea mtu mwingine aanze. Hii hakuwahi kupewa.

Nje ya nyumba ile ilikuwa kinyume chake. Kituo kizima kilijaa sauti ya Kipaza. Ukipita nyuma ya wasikilizaji uliisikia ikichuruzika kutoka kwenye hedifoni zao, laini hii na ile, ikipishana, mpendwa, mpendwa, usinyamaze, usinyamaze, kama nzi juu ya kitu kilichoachwa wazi. Msikilizaji mmoja alianza kujaza pamba masikioni. Wapigaji walipungua. Kipaza alisema wamepona.

Fundi hakuweza kuuingia mtambo tumboni, lakini aliweza kuulisha, na jambo hilo ndilo lililomjia alipokuwa akipaka spiriti ile hedifoni ya asubuhi. Trafiki hakuwa na sikio. Hakujua neno wala hakujua mtu. Alitaka tu kitu kipite, kidogo kidogo, bila kukoma.

Mchana, Kipaza alipotoka kwenda kula, fundi aliingia chumba kirefu na kinasa sauti, akakisimamisha katikati ya meza. Laini zilikuwa zimetulia.

"Naombeni msaada wenu," alisema.

Wasikilizaji walitazamana. Shangazi hakuinua macho.

"Unataka tuseme nini?" aliuliza yule wa pamba.

"Msiseme kitu. Kaeni tu, kama mnavyokaa na mtu."

"Mkuu amekutuma?"

"Hajui."

Yule wa pamba aliichomoa pamba yake. "Hiyo tunaiweza."

Wakakaa. Fundi alisimama ukutani, mgongo kwenye zulia, akazuia pumzi yake isije ikaharibu. Feni ilizunguka. Sindano ziligusana. Kiti kimoja kililalamika. Mtu alimeza mate, mwingine akavuta hewa ndefu na kuiachia, na baada ya muda shangazi, pasipo kuacha kufuma, akasafisha koo kidogo kama anavyofanya akitaka mtu ajue kwamba yupo. Fundi alirekodi mpaka simu ya kwanza ilipolia.

Jioni hiyo aliifuta Sauti ya Faraja kwenye laini zote, na mahali pake akaiweka sauti ya chumba, chini kabisa, kiasi cha kusikika na mtu aliyebandika sikio tu. Akaiacha na jina lilelile la faraja. Trafiki aliionja, akaikubali. Alama zilikaa kijani, na waliokaa kimya hawakutupwa tena.

Nyumbani, sahani ilikuwa imefunikwa kama kawaida. Lakini shangazi alikuwa ameketi ng'ambo ya meza.

"Lile la kusafisha koo," alisema, "hukulikata?"

"Sikulikata."

"Kula, kitapoa."

Wageni walifika wakati wa mvua, wawili, wakiwa na viatu vyenye tope ambavyo Kipaza aliwakataza wasivifute. Akawapeleka chumba cha mikutano, penye maua ya plastiki yaliyoshika vumbi na sahani ya biskuti. Skrini kubwa ilionyesha laini zote za kituo. Fundi aliketi pembeni kwenye kompyuta, na Kipaza akasimama, hedifoni kichwani, akaeleza. Alieleza Trafiki, akaeleza grafu, akaeleza jinsi wazo lilivyomjia akiwa kwenye kochi. Mgeni mmoja alisogeza kikombe chake mbali na matone.

"Sasa mtasikia wenyewe," Kipaza alisema. "Hapa kuna laini imenyamaza muda mrefu. Zamani hii ingepotea. Leo, Sauti ya Faraja inafanya kazi."

Kabla fundi hajaelewa, Kipaza alikuwa amebonyeza, na spika za chumba zikafunguka. Ilikuwa laini ya shangazi.

Hakukuwa na Kipaza ndani yake. Kulikuwa na feni kwa mbali, sindano kwa mbali, na juu ya hivyo, karibu sana, mtu aliyekuwa anavuta hewa kwa vipande. Fundi hakuwahi kumsikia, hata hivyo alimjua.

"Mbona siisikii sauti yangu?" Kipaza aliuliza.

Wageni waliinama mbele. Mmoja aliacha kutafuna, biskuti ikiwa shavuni, ili asikie vizuri. Walikuwa watu wa heshima, na walitega masikio kama watu wanaochungulia bafu la jirani.

"Bado mpo?" spika zilinong'ona kutoka kila pembe ya chumba.

"Tupo," shangazi alijibu.

"Anaongea," mgeni alisema, akatabasamu. "Inafanya kazi."

Fundi aliuchomoa waya wa spika. Chumba kikawa kitupu.

"Laini imekatika," Kipaza alisema. "Rudisha."

"Haijakatika, mkuu."

"Basi rudisha, wageni wasikie."

"Hapana."

"Nimekuagiza."

"Nimesikia."

Kipaza aliwachekea wageni, kisha akacheka peke yake. "Haidhuru. Nitaingia mwenyewe kwenye laini, niongee naye moja kwa moja, hiyo itakuwa bora hata zaidi," alisema, akavuta maiki karibu na midomo, akailamba midomo, na kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

Kwa miezi mingi fundi alikuwa ameishika hedifoni ile kwa ncha za vidole viwili. Sasa aliinuka akaikamata kwa kiganja kizima, akaing'oa kichwani mwa mkuu pamoja na nywele chache. Sifongo zilikuwa moto na zimelowa. Zilimkamulikia kiganjani, kitu cha uvuguvugu kikashuka hadi kwenye kifundo cha mkono wake, na hakuiachia. Aliibana kifuani, pale penye doa la yai ambalo sabuni ilishindwa kulitoa.

Kipaza alibaki na mdomo wazi. Ulimi ulikuwa pale, na vyote vya asubuhi vilikuwa pale, lakini hakikutoka kitu. Watu wanne walitazama alama moja ya kijani kwenye skrini. Ilitulia. Trafiki aliendelea kula feni na sindano na kuipisha laini ile mbele ya kila kitu. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikisemwa humo, na hakikuwa chao.

Kisha mlango wa chumba kirefu ukafunguka, na hatua za shangazi zikapita upesi kwenye korido. "Dereva," aliita, si kwa nguvu. "Dereva, twende. Amesema." Chini, mbele ya duka la magodoro, gari liliwaka.

"Kama mlivyoona wenyewe," Kipaza aliwaambia wageni, sauti ikiwa imemrudia, "mtambo wetu umemwokoa mama wa watu." Akamgeukia fundi kwa upole. "Wewe na mimi tutaongea habari za kazi yako."

"Sawa, mkuu."

Fundi alikwenda bafuni. Alinawa kwa sabuni, akanawa tena, akanusa kiganja, akanawa. Harufu haikutoka. Kupitia ukutani alimsikia Kipaza akiendelea, na sasa alikuwa amefika mahali ambapo yeye ndiye aliyekuwa amehisi, kwa uzoefu tu, kwamba laini ile ilikuwa na jambo.

Gari lilirudi mvua ikiwa imepungua. Fundi alikuwa koridoni aliposikia hatua kwenye ngazi, za shangazi anazozijua, na zingine pembeni yake, nyepesi, zinazosimama kila ngazi. Wakati huohuo mlango wa chumba cha mikutano ukafunguka, Kipaza akatokeza na wageni nyuma yake, mmoja wao ameshika simu tayari kwa picha.

"Anakuja, anakuja. Simameni hapa, mwanga ni mzuri. Nitampokea kwa maneno machache."

"Mkuu," fundi alisema. "Kuna simu kwenye laini yako. Wanakutaka wewe."

"Nani?"

"Hawakusema. Wanasikiliza tu. Na wageni wasiachwe na kiu, chai imewekwa mezani."

Alimnyooshea hedifoni. Kipaza aliitazama ngazi, akaitazama hedifoni, na mapambano hayakuwa marefu. Aliivaa huku akirudi ndani, wageni wakamfuata, na fundi akaufunga mlango.

Katika laini ile aliyomfungulia hakukuwa na mtu. Kulikuwa na feni, sindano, kiti kinacholalamika, na mtu anayesafisha koo kidogo.

"Ndiyo, karibu sana, unaongea na mkuu mwenyewe," Kipaza alianza. "Hapana, hujanisumbua hata kidogo, ngoja nikueleze tangu mwanzo."

Shangazi alifika juu akiwa amemshika mkono mzima mwanamke mwembamba aliyelowa mvua. Mkono wa pili ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Fundi aliwaachia njia, akabana mgongo ukutani. Mwanamke alipopita alisita mbele ya mlango uliofungwa, maana aliitambua sauti iliyokuwa ikichuruzika kutoka humo, na mabega yake yakapanda.

"Ameshikwa na simu," shangazi alimwambia. "Huyo hatoki leo."

Wakaingia chumba kirefu. Fundi aliwasikia wakivuta viti, kisha hakuwasikia tena.